Nani Kasema Mbuzi Hastahili Vigelegele?

Nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Arua. Siku hiyo mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika maneno 10 ubaoni akatutaka tutunge sentensi moja kwa kila neno. Neno la saba lilikuwa "jubilation". Alilieleza kwa ufupi: furaha kubwa, kelele za kushangilia. Nikafurahi, maana mfano nilikuwa nao tayari. Wiki ile ile mbuzi wa mama alikuwa amepotea siku tatu. Mbuzi huyo alikuwa karo ya muhula, na kila mtu nyumbani alilijua hilo, hata mdogo wangu wa miaka minne. Siku ya nne jioni akarudi mwenyewe, kipande cha kamba shingoni, anatafuna kana kwamba hajafanya kosa lolote. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio wakidhani kuna aliyejifungua pacha. Basi nikaandika, kwa Kiingereza changu cha darasa la sita, kwamba palikuwa na "jubilation" nyumbani kwetu siku mbuzi aliporudi.

Daftari lilirudi na alama ya kosa. Mwalimu hakuniadhibu. Alicheka tu, akaisoma sentensi yangu mbele ya wenzangu, nao wakacheka. Akasema neno hilo ni la mambo makubwa: rais akizuru wilaya, timu ikishinda kombe, Sikukuu ya Uhuru, harusi. Mbuzi, alisema, anatoshwa na "happy". Kisha akaandika ubaoni jibu sahihi, kwamba palikuwa na "jubilation" rais alipozuru wilaya yetu. Tulikuwa watoto zaidi ya 80 darasani na sote tukainakili sentensi hiyo. Sidhani kama hata mmoja wetu alikuwa amewahi kumwona rais zaidi ya kwenye picha iliyoning'inia ofisini kwa mwalimu mkuu.

Ugomvi wangu unaanzia hapo lakini haumhusu mwalimu yule peke yake. Nasema hivi: tunafundisha maneno ya furaha kwa kumnyang'anya mwanafunzi furaha yake na kumkabidhi ya serikali. Tulifanyiwa hivyo kwa Kiingereza. Sasa sisi tunaosomea kufundisha Kiswahili tumejiandaa kufanya hivyo hivyo kwa Kiswahili, na huku kwetu West Nile hasara yake itakuwa kubwa kuliko mahali pengi. Sababu nitaitoa.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na Kiingereza, na hata neno lenyewe sina ugomvi nalo. Sisi wa Uganda tumelifanyia jambo ambalo Waingereza wenyewe hawalifanyi. Huko Uingereza si rahisi kumsikia mtu akikitumia kitenzi "jubilate" kituoni akisubiri basi. Kimebaki kanisani na vitabuni. Kwetu kiko redioni kila siku. Mgombea akitangazwa mshindi, wananchi "wana-jubilate". Barabara ikiwekwa lami, umeme ukirudi, mchele ukishuka bei, ni hivyo hivyo. Nasikia Wanaijeria nao ni ndugu zetu katika hilo. Mimi naona tumefanya vizuri. Tulilikuta neno limevaa kanzu ya kwaya, tukalipeleka sokoni. Kinachonikera ni kwamba nje ya darasa tunalitumia tutakavyo, lakini ndani ya darasa tunamwambia mtoto kuwa halimhusu.

Na mwalimu yule alijua kushangilia, msidhani hakujua. Mwaka uliofuata, 2016, timu ya Onduparaka ilipanda Ligi Kuu ya Uganda, na Arua nzima ikatoka nje. Nilimwona juu ya bodaboda, shati mkononi, akipiga ukelele ambao haukuwa Kiingereza wala Kilugbara wala Kiswahili. Ulikuwa ukelele tu. Nikajiuliza kama huo nao ni "jubilation" au ni "happy", lakini sikuwa na ujasiri wa kumkimbilia na kumuuliza.

Jibu nilikuja kulipata chuoni, nilipokuwa nikitafuta asili ya neno hilo kwa ajili ya kazi ya semantiki. Limetoka katika Kilatini, katika kitenzi "iubilare". Varro, mwanachuoni wa Kirumi aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kitabu juu ya lugha yake, na humo anatofautisha kupaza sauti kwa watu wa mjini na kupaza sauti kwa watu wa mashamba. Kwa wa mjini kuna neno lake. Kwa wa mashamba neno ni "iubilare". Hebu lifikirie hilo. Neno ambalo niliambiwa ni kubwa mno kwa mbuzi lilikuwa ukelele wa wakulima na wachungaji, yaani watu wa mbuzi hasa! Karne kadhaa baadaye Mtakatifu Agostino, ambaye wazungu hupenda kusahau kwamba alikuwa Mwafrika wa Hippo, nchi ambayo leo ni Algeria, alilieleza neno hilo kwa mfano wa watu wanaovuna nafaka na zabibu. Wanaanza kuimba kwa maneno, alisema, kisha furaha inawazidi, maneno wanayaacha, inabaki sauti tupu. Baadaye neno likachanganyika na lile la Kiebrania linalohusu baragumu la pembe ya kondoo, ambalo Biblia ya Kiswahili inaliita "yubile" katika Mambo ya Walawi sura ya 25. Likaingia kanisani. Zaburi ya 100 mpaka leo hujulikana kwa jina la Kilatini Jubilate, na wafasiri wetu wa Kiswahili walipoifikia wakachagua "shangwe". Kutoka kanisani likaenda kwenye magazeti, na kutoka kwenye magazeti likafika ubaoni petu likiwa limeoga na kuvaa tai.

Sisi Walugbara hatukuhitaji kwenda Roma kulijua jambo hili. Wazee wetu wana kitu kinachoitwa cere. Ni mlio mrefu wa sauti nyembamba unaosafiri kutoka kilima hadi kilima, na mtu mzima ana cere yake, mali yake kama jina lake. Kuipiga cere ya mwenzako ni kumchokoza. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika habari zake. Ninachotaka mkione ni kwamba kwa hesabu ya wazee, ukelele una mwenyewe. Ukiusikia unajua ni nani, na mara nyingi unajua kuna nini. Hakuna ukelele wa "wananchi".

Na Kiswahili je? Hapa ndipo ninapopenda lugha hii kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo mnivumilie nikikawia. Kigelegele ni kazi ya ulimi. Hakipigwi bila ulimi kucheza mdomoni, na kwa desturi ni cha wanawake. Vifijo huja na makofi. Hoihoi ni kelele za wengi waliosongamana. Ukisikia chereko-chereko unajua kuna harusi na huenda kuna pilau. Shamrashamra ni zaidi ya sauti, ni pilikapilika yote: maturubai, viti vya kukodi, watoto wanaokimbizwa wasikanyage sufuria. Mbinja ni mluzi. Nderemo nayo ina mchezo ndani yake, mtu hatulii. Kila neno linakuuliza swali: ni kiungo gani cha mwili, ni nani, ni wangapi? Huwezi kulitumia vizuri bila kuiona ile furaha yenyewe mbele yako.

Kuna jambo jingine, na hili nawaomba wahadhiri wangu wa mofolojia walipime. Katika sentensi tuliyoinakili darasa la sita hamna mtu. "Palikuwa na jubilation." Furaha imeshuka tu, kama mvua. Nani alipiga kelele? Nani alinyamaza? Nani alisombwa na lori kutoka kijijini aje afurahi? Kiswahili nacho kinaweza kutenda dhambi hiyo, tunaposema "kulikuwa na shangwe". Lakini kina mlango wa kutokea. Tukisema "tulimshangilia", tumo sisi na yumo yeye, katika neno moja. Tukisema "mama alimpigia mbuzi vigelegele", kauli ya kutendea na kile kiambishi "m" kidogo vinamkalisha mbuzi katikati ya sentensi kama mgeni rasmi. Kiingereza kina "cheer", najua, nacho huenda na mtu anayeshangiliwa. Lakini muulize mwalimu yeyote wa huku ni neno gani litampatia mtoto alama nyingi katika insha, "cheer" au "jubilation".

Kwa utajiri wote huo ungetarajia kwamba darasa la Kiswahili ni mahali pa nafuu. Hapana. Mwaka juzi nilihudhuria sherehe moja ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Mshereheshaji alitangaza kwamba tumekusanyika "kwa shangwe, nderemo, hoihoi na vifijo". Ukumbi ulikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Alipomaliza orodha yake tulipiga makofi matatu ya pamoja, pa, pa, pa, kwa kuhesabiwa. Akina mama waliopika walikuwa nje nyuma ya jengo, na hao ndio niliowasikia wakicheka. Tunayataja majina manne ya furaha kwa mpigo mmoja kama mtu anayesoma orodha ya dawa, kisha tunahutubia saa mbili juu ya umuhimu wa kukuza lugha.

Sasa nije kwenye West Nile.

Wenzangu mliokulia pwani, au hata Jinja na Kampala, huenda hamjui Kiswahili kinasikikaje katika masikio ya mtu wa Koboko mwenye miaka 70. Kusini mwa nchi wana hoja zao dhidi ya Kiswahili, tangu Kabaka Daudi Chwa alipoandika waraka wa kukipinga mwaka 1929. Za kwetu ni tofauti. Bibi yangu mzaa mama ni Mkakwa wa Koboko, na anajua Kiswahili kingi kuliko anavyokubali. Nilipomwambia nakwenda kukisomea chuo kikuu alinyamaza kidogo, kisha akanitajia anachokijua: Simama. Lala chini. Kitambulisho. Fungua mlango. Toka nje. Alitamka vizuri kabisa, na msamiati wake wote ulikuwa katika hali ya kuamuru.

Ameupata wapi? Eneo letu lilitoa askari wengi kwa jeshi la Waingereza la King's African Rifles, na humo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa huku Koboko, aliingia jeshi hilo mwaka 1946, na alipokuwa rais alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kwa amri vilevile. Akaanguka Aprili 1979. Mwaka uliofuata, kuanzia Oktoba, vita vilirudi West Nile, na jeshi jipya la serikali lilipolipiza kisasi kwa raia, watu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, hapo karibu na Arua, waliuawa humo humo. Jeshi lililofanya hivyo lilizungumza na watu wetu kwa Kiswahili. Bibi alipitia miaka hiyo ng'ambo ya mpaka, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili cha pili, cha sokoni Ariwara, kilichochanganyika na Kilingala, cha kupimia mihogo na kubishania bei. Hicho hakichukii. Lakini ukimsemesha Kiswahili fasaha, hiki changu cha darasani, naona mabega yake yakikaza.

Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekifanya cha lazima kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nayaunga mkono yote hayo. Ajira yangu imo humo, siwezi kujifanya mtakatifu. Lakini tazama yalivyopangika: amri, amri, amri. Ukiacha kwaya za makanisani, Kiswahili kimekuja kwetu mara nyingi kikiwa na sare kuliko kilivyokuja kikiwa na ngoma. Majirani zetu Wanubi wakiwa na harusi, doluka yao huimbwa kwa Kinubi. Walugbara wanafurahi kwa Kilugbara, Wakakwa kwa Kikakwa. Furaha ya Kiswahili huku haina kwao. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anapoingia darasani Koboko na kufikia somo la maneno ya furaha, ameshika kitu ambacho hakuna amri iliyowahi kukileta. Ndiyo maana nimesema hasara itakuwa kubwa.

Mwaka jana nilipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari huko Koboko, sitaitaja. Kidato cha pili niliwapa zoezi: tunga sentensi ukitumia neno "vigelegele". Ndiyo, mimi, niliyechekwa kwa ajili ya mbuzi, nilitoa zoezi lile lile. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba watu walipiga vigelegele bibi harusi alipofika, maana huo ndio mfano niliokuwa nimeuandika ubaoni. Msichana mmoja wa dawati la nyuma aliandika hivi: "Bibi alipiga vigelegele askari walipoondoka."

Nilimwita nimuulize. Akasema ni hadithi ya nyumbani kwao, bibi yake huisimulia. Askari gani na mwaka gani, hakujua. Alijua tu kwamba bibi alivipiga ndani ya nyumba, mlango umefungwa, kitenge kimezibwa mdomoni, kwa sababu hakuwa na hakika kama wamefika mbali. Nilimpa alama ya vema. Katika muhula mzima hiyo ndiyo sentensi pekee ambayo niliisoma mara mbili.

Mhadhiri msimamizi wangu alikuwa amekaa nyuma na fomu yake. Baada ya kipindi aliomba kuyaona madaftari, na alipofika kwenye daftari hilo akasita. Aliniambia, kwa upole, sina budi kulisema hilo, kwamba sentensi ina kosa la matumizi. Vigelegele ni vya heri: harusi, mtoto kuzaliwa, mtu kutawazwa. Askari kuondoka si heri wala si shari, ni habari tu. Mtahini ataikata. Na tena, akaongeza akiwa ameshusha sauti, ni jambo lenye siasa. Akanishauri niirekebishe.

Mwalimu wangu, ukisoma hapa utanisamehe, nakujibu sasa kwa sababu siku ile sikuweza. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, watu walijaa barabarani kuwashangilia wanajeshi wa Tanzania. Hilo limo vitabuni, na mwanafunzi akiandika "watu waliwashangilia wanajeshi walipofika" hakuna mtahini atakayelikata. Askari wakifika, shangwe ruksa. Askari wakiondoka, kosa la matumizi? Sarufi ya sentensi zote mbili ni moja. Kilichobadilika ni mahali aliposimama anayefurahi, na hilo si jambo la kalamu nyekundu. Unasema vigelegele ni vya heri. Sawa. Lakini ni nani aliyekuwa ndani ya nyumba ile, mimi na wewe au yeye? Yeye ndiye aliyejua kama ni heri.

Najua utetezi wa mtahini, na una uzito. Lugha ina mazoea yake. Maneno yana marafiki yanaotembea nao, na mwanafunzi asiyeyajua ataandika mambo ya ajabu. Mwanafunzi akiniandikia kwamba watu walipiga vigelegele mazishini kwa huzuni, nitamuita tuzungumze. Lakini kumuita ndiyo hoja yangu yenyewe. Alama ya kosa haiulizi kitu. Ningekuwa sijamwita yule msichana, hata mimi ningedhani amekosea neno, kama mwalimu wangu alivyodhani sijui tofauti ya mbuzi na rais. Sisi sote tunaofundisha huku tuna haraka, madarasa yamejaa, madaftari ni 60 au 90 kwa usiku mmoja, na sentensi ya bibi harusi inasahihishwa kwa nusu sekunde. Naielewa haraka hiyo. Ila tusiiite kanuni ya lugha.

Na suala la siasa, nalo ni haraka ya aina nyingine. Sentensi ya rais kuzuru wilaya haikuwa na siasa?

Nilifanya nini, mtauliza. Niliirekebisha. Nilihitaji alama zangu za mazoezi. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata "askari walipoondoka", nikaandika juu yake "bibi harusi alipofika", nikamrudishia daftari bila kumtazama usoni. Alisoma, akarudi mpaka mezani kwangu. "Madam," akasema, "sasa bibi yangu alimpigia bibi harusi gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia akae, kipindi kinaendelea.

Siku ya mwisho, fomu zangu zikiwa zimekwisha kupelekwa chuoni na hakuna tena wa kunipunguzia kitu, nilimuomba daftari lile. Nikakata maandishi yangu, nikamrudishia askari wake, nikaweka alama mbili kati ya mbili na sahihi yangu pembeni. Najua huo si ushujaa, ulikuwa umechelewa wiki tatu. Akaangalia, akaniuliza kama anaweza kuongeza kitu mwishoni mwa sentensi, maana bibi aliposikia kwamba habari zake zimeandikwa Kiswahili shuleni, alitaka kujua kama ile sauti yenyewe imeandikwa au wameandika jina lake tu. Nikamwambia haiandikwi, haina tahajia. Akasema atajaribu. Alikaa palepale mezani kwangu akaijaza mistari miwili kwa herufi mbili tu, l na i, l na i, bila nukta wala mkato, mpaka ukingo wa karatasi.